Kabla Hujanunua Hotipoti Nyingine, Nunua Meza (Sehemu ya 7)

 Kina baba mnaosoma kimya kimya bila kuacha hata neno, nawaona, karibuni.

Wiki iliyopita nilisema sehemu ya leo itahusu mapishi ya wageni, na mmenijia inbox na maswali mazuri. Ninunue hotipoti za seti au moja moja? Eafraya ina faida? Nipike nini mama mkwe akija asiseme kwamba mwanawe anakonda? Nitajibu, ila mnivumilie kidogo, maana mi nawaangalia wageni kwa jicho la wodini.

Nikwambie kitu ambacho ukifanya kazi wodi ya watoto huwezi kukikwepa. Watoto walioungua hawaji kwa mpangilio sawa. Wanakuja siku za shughuli. Sikukuu, ubatizo, maulidi, hitima, kumtoa mtoto nje, Jumapili mkwe amekuja kutoka mkoani. Hapo ndipo sufuria kubwa linatoka stoo, jiko la pili linawashwa uani, mafuta ya kukaangia yanakuwa lita badala ya kijiko, na mama mwenyewe ana macho mawili tu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui kwamba leo ni siku ya wageni. Anamtafuta mama yake tu, na mama yuko jikoni.

Kuna mama mmoja siwezi kumsahau. Sitasema wapi wala lini. Mwanawe alirudi nyuma kinyumenyume akakalia sufuria la mchuzi lililoipuliwa dakika hiyo hiyo na kuwekwa sakafuni ili lipishe sufuria la wali. Kitu cha kawaida kabisa, wewe na mimi tumekifanya mara mia. Alipofika kwetu mtoto alikuwa amepakwa dawa ya meno kuanzia mgongoni mpaka mapajani, kwa sababu jirani alisema inapoza. Tukaanza kuitoa ile dawa ya meno. Kama hujawahi kuona inavyotolewa kwenye kidonda, mshukuru Mungu. Yule mama alisimama pembeni amevaa kitenge chake kizuri cha shughuli, akasema kwa sauti ndogo sana: "Nilikuwa nataka viwe vyakula sita, wifi yangu alipika sita."

Hapo ndipo ninapoanzia maoni yangu ya leo, na najua wengine hamtayapenda. Hivi nani alituambia heshima ya mgeni inahesabiwa kwa idadi ya hotipoti mezani? Tunaangalia video, mtu kapanga vyakula kumi na mbili, wali wa nazi, pilau, biriani, kuku wa kupaka, samaki wa kukaanga, chapati, maandazi, juisi rangi tatu. Hatuoni watu watano waliokuwa nyuma ya kamera wakimshikia mtoto. Wewe uko peke yako, dada wa kazi kaenda kwao msibani, baba watoto kapiga simu saa 5 asubuhi kwamba "nakuja na jamaa watatu". Halafu unataka vyakula sita.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Apone, jamani. Siyo aungue.

Sasa tuje kwenye vifaa, maana ndiyo mmeuliza sana.

Kifaa cha kwanza cha jikoni cha kununua ni meza. Najua ulitegemea nitaje blenda. Meza, au benchi imara la fundi seremala wa mtaani, au kibaraza cha saruji kama nyumba ni yako. Wengi wetu tunaanza maisha na ule mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Ni jambo jema, sina ugomvi nalo, bora huo kuliko moshi wa kuni ndani ya nyumba yenye kichanga. Serikali yenyewe mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwaka 2034. Sawa. Ila utazame ule mtungi ukiwa sakafuni na sufuria juu yake. Mdomo wa sufuria unakuja usawa gani? Usawa wa kifua cha mtoto anayeanza kutembea. Na usije ukaupandisha mtungi wenyewe juu ya meza, utayumba na utaanguka. Ukipata hela kidogo, badilisha: jiko la sahani mbili likae juu ya meza, mtungi ukae chini pembeni, mpira uwe mzima na umefungwa vizuri. Kagua mpira kwa povu la sabuni, ukiona mapovu yanakua ujue unavuja. Usikague kwa kiberiti, naomba sana. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka na watoto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, kule kule mtoto anakochezea.

Kama unaishi chumba kimoja na meza haiingii, weka jiko kona ambayo watu hawapiti, na siku ya kupika vitu vingi mtoto aondoke kabisa. Aende kwa bibi, kwa jirani, abebwe na baba yake. Baba anayeleta wageni ndiye mwenye zamu ya kushika mtoto, hiyo ni sheria ya nyumbani kwangu na haina rufaa. Na mtoto asibebwe mgongoni ukiwa unakaanga kwa mafuta. Najua tumelelewa hivyo. Mafuta yakiruka hayachagui.

Kifaa cha pili ni presha kuka. Wengi mnaiogopa kwa sababu mlimsikia mama fulani ambaye ya kwake ililipuka. Ukichunguza utakuta aliijaza mpaka mdomoni, au tundu la mvuke lilikuwa limezibwa na maganda ya maharage, au alilazimisha kuifungua ikiwa bado inafoka. Isizidi theluthi mbili, na kwa maharage au choroko ambazo zinavimba, iishie nusu. Kagua mpira wa mfuniko na lile tundu kila unapopika. Usifungue mpaka mvuke utoke wote wenyewe. Ukiyashika hayo, maharage uliyoloweka usiku yanaiva nusu saa au pungufu, wakati kwenye mkaa ungekaa nayo saa 2 mpaka 3 na gunia linaisha unaliona. Nyama ya ng'ombe mzee ile ile. Mi ningeuza seti ya glasi za wageni ninunue presha kuka, na kweli nilifanya hivyo, ila mama yangu mpaka leo anauliza zile glasi zilienda wapi.

Cha tatu ni vibao viwili vya kukatia. Kimoja cha nyama mbichi na kuku, kingine cha kachumbari na matunda. Usipoweza viwili, basi kata kwanza kachumbari, funika, ndipo ushike nyama. Kuku mbichi ana vijidudu ambavyo moto unaviua, lakini kachumbari haipiti motoni. Unaelewa ninapoelekea.

Eafraya? Kama umeme wenu haukatiki na hela ipo, nunua, viazi vyake vitamu. Tuendelee.

Sasa chakula chenyewe. Msimamo wangu ni huu: sufuria moja kubwa, limepikwa vizuri, na kitu kibichi pembeni. Basi. Mimi mgeni wangu anakula pilau na kachumbari, anamalizia na tikiti au embe kulingana na msimu. Hajawahi kuondoka mtu analalamika.

Kwa watu kumi na mbili nachukua kilo moja na nusu ya mchele na kilo moja na nusu ya nyama yenye mfupa kidogo. Nyama naichemsha asubuhi kwenye presha na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, na ile supu yake ndiyo dhahabu, usiimwage. Ukiichemsha usiku uwe na friji, kama huna, amka mapema. Mchele nauosha na kuuloweka nusu saa, halafu nauchuja. Vitunguu maji vikubwa vitano, nakata vyembamba, navikaanga mpaka viwe kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Wana haraka, vitunguu vinabaki vyeupe, halafu wanashangaa pilau haina rangi na wanaongeza rangi ya dukani. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu. Simama hapo, koroga, usishike simu.

Kikishaiva naweka kitunguu saumu kilichotwangwa, halafu viungo: bizari nyembamba, ile watu wa Zanzibar wanaita uzile, iliki, mdalasini, karafuu chache na pilipili manga. Nanunua vizima, navitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo, maana vya unga vya sokoni wakati mwingine huwezi kujua umenunua nini. Karafuu zisizidi, zikizidi chakula kinanuka kama kwa daktari wa meno. Viazi vinaingia, nyama inaingia, vinakaangika pamoja dakika chache, halafu supu. Mchele uliolowekwa unataka kama vikombe vitano vya supu kwa vikombe vitatu vya mchele, ila mchele mpya unakunywa kidogo na wa zamani unakunywa zaidi, kwa hiyo mjue mchele wako. Supu ikichemka mchele unaingia, onja chumvi sasa hivi, baadaye huwezi kurekebisha. Ikikaribia kukauka punguza moto kabisa, funika vizuri, iache. Ukipenda kupalia kwa makaa juu ya mfuniko, palia, harufu yake hamna mfano, lakini fanyia uani na mtu mzima akae pale pale.

Na jiko la mkaa likishamaliza kazi lisiingizwe chumbani eti lipashe joto wageni waliolala chini. Makaa yakionekana yamefifia bado yanatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wanalala hawaamki. Nimesema.

Mtoto mdogo ale nini siku hiyo? Hicho hicho, kabla ya wageni. Mchotee pilau yake mapema isiyo na pilipili, nyama ichanwe vinyuzi, nafaka za viungo vizima kama karafuu na iliki zitolewe. Mlishe ukiwa na utulivu, ashibe, alale. Mtoto mwenye njaa ndiye anayekuja jikoni kukushika gauni. Siku ya wageni watoto wengi wanakula mwisho, wanachokula ni soda na vipande vya mifupa. Hilo linaniuma kuliko vyote. Kuku mzima anakaa mezani paja na kifua kwa mgeni, na mtoto wako ambaye wiki nzima hajaona nyama anaambiwa akacheze nje asiaibishe watu.

Sasa nagusa pabaya. Kiporo.

Nakipenda kiporo. Pilau ya jana na chai ya rangi asubuhi, hata sikukuu yenyewe haifikii. Lakini wali una jambo lake. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anaishi udongoni na kwenye nafaka, na mbegu zake zina ganda gumu ambalo kuchemsha hakuziui zote. Wali ukikaa vuguvugu masaa mengi, zile mbegu zinaamka, zinazaliana, zinatoa sumu. Na sumu yake ya kutapisha haifi ukipasha. Unaweza kupasha mpaka moshi utoke, sumu iko pale pale. Ndiyo maana mtu anasema "lakini nilipasha vizuri!" na ni kweli alipasha.

Na wapi wali unakaa vuguvugu kwa masaa mengi? Kwenye hotipoti. Ile ile ya maua uliyoinunua kwa ajili ya wageni. Hotipoti haipiki, inachelewesha tu kupoa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kikae zaidi ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida la chumba. Kwa joto letu la pwani, hizo saa 2 usizivute. Wageni wakishakula, usipige stori ukasahau. Toa chakula kilichobaki, kitandaze kwenye vyombo bapa kipoe haraka, kiingie friji. Huna friji? Wafungie wageni waondoke nacho wakale jioni hiyo hiyo, peleka kwa jirani, lakini usikilaze kwenye hotipoti mpaka asubuhi halafu ukampa mtoto kabla ya shule. Mtu mzima anaweza kutapika mara tatu akaendelea na maisha. Mtoto mdogo anaishiwa maji haraka, na jioni mnakutana nami kwenye foleni.

Niwape ile ya kuungua tena kwa maneno machache, uiandike na kuibandika ukutani jikoni. Mtoto akiungua: mtoe kwenye chanzo, mvue nguo na shanga au bangili ambazo hazijagandia kwenye ngozi, mmwagie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 kwa saa, siyo kwa kukisia. Hakuna bomba, tumia kopo na ndoo, mwaga taratibu bila kuacha. Sehemu nyingine ya mwili ifunike asipate baridi. Hata kama umechelewa, ndani ya saa 3 maji bado yanasaidia. Kisha funika kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, asali, mayai, unga, mafuta wala barafu. Usipasue malengelenge. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako, kikombe cha chai unachoweza kukishika wewe kinamuunguza yeye mpaka ndani.

Mmeniuliza kuhusu mama mkwe. Wa kwangu alikuja mara ya kwanza nikiwa na mtoto wa miezi minane. Nilihangaika toka usiku, nikapika pilau, kuku, chapati, samaki. Nilikuwa nimeweka sufuria la mafuta ya moto chini, mimi, muuguzi, ninayefundisha watu. Mtoto akatambaa kutoka sebuleni bila mtu kumwona, na bibi yake ndiye aliyemdaka kwa mguu zikiwa zimebaki hatua mbili. Hakunigombeza. Alikaa chini jikoni na mtoto mapajani mpaka nikamaliza kupika. Tulipokaa kula alichukua chapati moja, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwanangu, dagaa hamna? Safari imenichosha, nilikuwa natamani ugali."

Nikamsongea ugali. Vile vyakula vinne tulivila siku mbili, na meza nilinunua mwisho wa mwezi ule.

Haya, sehemu ya 8 ni chakula cha kubeba shuleni, hasa kwa mnaoamka saa 11 alfajiri. Mwenye swali aliache hapa chini, naingia zamu ya usiku sasa hivi, nitajibu nikitoka asubuhi. Na kama una picha ya jiko lako lilivyokaa na hujui mtoto anafikia wapi, nitumie inbox, nitakuambia ukweli.